Anayetazamwa Ana Deni

Binti wa mfalme hana nguo ya peke yake. Akichagua kitambaa, amewachagulia na watu asiowajua. Akibadili mkato wa gauni, mafundi wa miji ya mbali nao hubadili mkasi. Ndivyo ilivyokuwa tangu yalipojengwa majumba ya enzi: ndani yuko anayevaa, nje uko umati unaotaka kujua leo kavaaje. Majarida ya mitindo yamejaa majibu ya swali hilo. Wazee wetu, waliompima mtu kwa jinsi alivyoitumia bahati aliyozaliwa nayo, wangeuliza swali la pili: macho yote yale yaliyomwelekea, aliyafanyia nini?

Nalipenda swali la pili kuliko la kwanza. Sina ugomvi na kupendeza. Watu wa pwani tumelelewa kufukiza nguo kwa udi, kutunga vikuba vya asumini na mrehani, na kujua kwamba mtu anayejiweka vizuri anamheshimu anayekutana naye. Lakini anayetazamwa ana deni. Anadaiwa na mikono iliyomvika, na anadaiwa zaidi na wale watakaomuiga, maana wengi wao hawana uwezo wake na bado watahangaika wafanane naye.

Kuiga kunavyoweza kumpofusha mtu, mfano wake uko London. Mwaka 1863 Alexandra, binti wa Denmark, aliolewa na mrithi wa taji la Uingereza. Inasemekana alikuwa na kovu shingoni, na kwa ajili hiyo alipenda kola ndefu na mikufu ya lulu iliyobana shingo safu juu ya safu. Wanawake wenye uwezo, wasio na kovu lolote, wakazifunga shingo zao vivyo hivyo, na mtindo ukadumu miaka mingi. Hapo sioni ubaya. Mkufu ni pambo. Mwaka 1867 Alexandra akaugua vibaya homa ya baridi yabisi, mguu ukakakamaa, akawa anachechemea. Wanawake wakaiga na kuchechemea. Wenye maduka wakaanza kuuza viatu ambavyo kimoja kina kisigino kirefu na mwenzake kifupi, ili mtu mwenye miguu mizima atembee kama mgonjwa.

Hebu tulitafakari hilo kidogo. Mwanamke kaugua, kaponea chupuchupu, anajikongoja mbele za watu kwa sababu cheo chake hakimruhusu kujificha. Badala ya kumwambia pole, watu wanakwenda dukani kununua maradhi yake. Alexandra hakumwomba mtu yeyote achechemee. Ndiyo maana nasema deni la anayetazamwa ni zito: unadaiwa hata kwa lile ambalo hukulikusudia.

Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kuonyesha namna mojawapo ya kulilipa. Victoria aliingia katika utawala akiwa na miaka 18, na tarehe 10 Februari 1840 akaolewa na Albert. Kwa kuwa alikuwa malkia, watu walitarajia avae joho la enzi. Akavaa gauni la hariri nyeupe iliyofumwa Spitalfields, mtaa wa wafumaji wa London, na juu yake lesi iliyofumwa kwa mkono katika jimbo la Devon. Lesi hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie. Tangu mwanzo wa karne ile mashine zilikuwa zikitoa lesi kwa bei ya chini, na wanawake wa Honiton, Beer na vijiji vya jirani, ambao mama zao na bibi zao walikuwa wamekula kwa kazi ya vidole, wakabaki bila wateja.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mfumaji hupakata mto mgumu, hubandika juu yake mchoro uliotobolewa matundu, na kila tundu hulisimamishia pini. Kisha huchukua vijiti vyembamba vya mbao vilivyozungushiwa uzi, jozi kwa jozi, akavipisha kulia na kushoto kuzizunguka pini zile, kijiti kikipita juu ya kijiti, mpaka ua moja dogo lisimame. Akimaliza ua anaanza jani. Lesi ya arusi ya Victoria iliwapa kazi ya miezi kadhaa wanawake zaidi ya 200, na baada ya arusi maombi yakaongezeka, kwa kuwa kila mwenye nafasi alitaka lesi kama ya malkia. Weupe wa gauni uliifanya kazi yao ionekane vizuri.

Mabibi arusi waliovaa nguo nyeupe walikuwepo kabla ya Victoria, ila wengi walivaa rangi waliyoipenda, na wengi zaidi walivaa nguo yao bora waliyokuwa nayo. Baada ya picha za arusi ile kuenea magazetini, weupe ukaanza kushika, kwanza kwa matajiri, baadaye kwa kila mtu, halafu ukapanda meli pamoja na wamisionari. Binti wa Moshi au Bukoba anayeingia kanisani leo na shela lake jeupe anavaa uamuzi uliofanywa mwaka 1840 na mwanamke aliyetaka wafuma lesi wapate riziki. Na huyo mwanamke hakuivaa lesi yake siku moja akaifungia. Aliirudia kwa miongo kadhaa kwenye shughuli za familia, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela lake la arusi. Malkia alirudia nguo, msomaji. Tulishike hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa turudi nyumbani, Unguja, katika kasri la Mtoni. Hapo alizaliwa Sayyida Salme tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sultani Sayyid Said bin Sultan na wa Jilfidan, suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi. Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, na sehemu moja nzima aliitoa kwa mavazi ya wanawake. Vazi lenyewe lilikuwa na vipande vichache: gauni refu la mwili mzima, suruali ya marinda iliyobana kwenye vifundo vya miguu, kitambaa cha kichwani, na barakoa ya kufunika uso mbele ya wasio maharimu. Mkato wa binti wa Sultani na wa mwanamke huru wa kawaida haukupishana sana. Tofauti ilikuwa kitambaa, tarizi za dhahabu na fedha, vito, na wingi wa miski na udi uliopenya ndani ya nyuzi. Ikifika Idi, baba alifungua hazina akagawa zawadi, na nyumba nzima ikavaa upya.

Ni uzuri ulioje! Sitaki kuudogosha, kwa sababu ni sehemu ya urithi wetu, na vipande vyake vingali kwenye masanduku ya bibi zetu wa Unguja na Pemba. Lakini wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na hariri ile iliundwa na watu. Ilinunuliwa kwa karafuu, na karafuu ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Mjakazi wa kasri aliweza kupambwa sana, maana pambo lake lilikuwa sifa ya bwana wake. Wa shamba alijifunga chini ya kwapa kipande cha merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichokuja kwa meli za Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi ya nili ikawa nyeusi kwa wingi wa buluu. Kichwa chake kilikaa wazi, kwa kuwa kujitanda kulikuwa alama ya mwanamke huru, na desturi ilimkataza yeye. Kuna mahali nguo ni baridi na joto tu. Unguja ya wakati ule, nguo ilikuwa hukumu: mtu akikuona kwa mbali alijua akuamkie au akuamrishe.

Salme alikulia upande wa wenye hariri, na maisha yakamvua hariri hiyo. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akaenda Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa, akaitwa Emily na akafunga ndoa siku hiyohiyo. Hamburg ilimpokea kwa baridi, na kwa magauni ya Kizungu ambayo mwili wake haukuyajua. Kuna picha yake iliyopigwa huko Ujerumani ambayo imeenea duniani kuliko picha nyingine yoyote ya mabinti wa Sayyid Said. Amevaa vazi la kwao: suruali yenye tarizi, gauni, kilemba, vito. Binti aliyepoteza nchi, ndugu na urithi alisimama mbele ya kamera akiwa amevaa alivyofunzwa na mama yake. Karibu kila ninachokijua kwa macho kuhusu mavazi ya kasri la Zanzibar la wakati ule nimekipata kwake.

Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi asiyokuwa na jamaa. Kilichomfaa wakati huo ni kitu alichokuwa amekipata kwa siri utotoni. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu, moja baada ya moja, mpaka mkono ukazoea. Kwa mkono huohuo, akiwa mjane, alifundisha Kiarabu ili apate kula, na baadaye akaandika kitabu chake. Vito havikumvusha. Mfupa wa ngamia ulimvusha.

Je, alilipa deni? Kwa upande mmoja ndiyo, kwa sababu alituhifadhia jinsi mama zetu walivyovaa, walivyokaa, walivyosherehekea, wakati wageni walioandika habari za Zanzibar hawakuruhusiwa kuingia ndani. Kwa upande mwingine sivyo. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa wa nyumbani kwao, akaueleza kuwa mpole. Hapo simfuati, pamoja na mapenzi yote niliyo nayo kwake. Aliona marinda ya suruali kwa ufasaha mkubwa, na kichwa kilichokatazwa kufunikwa hakukiona.

Wenye vichwa hivyo hawakungoja waonekane. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitia saini amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, na wanawake waliokuwa watumwa wakaanza kujivika wenyewe. Kitambaa walichokishika kilikuwa kimeanza kuonekana pwani miaka michache kabla: leso za rangi zilizokuja zimechapwa kwenye gora, bado hazijakatwa. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu, wakaziunga kwa sindano zikawa kitambaa kimoja kipana, chenye michoro ambayo hakuna duka lililowahi kuipanga hivyo. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanaunga, wakaagiza kitambaa kilichokwisha kuungwa. Mombasa mpaka leo wanakiita leso. Kwingine ni kanga.

Fikiria nguvu ya tendo lile. Mwanamke ambaye juzi alikuwa haruhusiwi kujitanda, sasa ananunua doti: kipande kimoja kiunoni, cha pili kichwani na mabegani. Kaniki aliiacha kwa makusudi, maana rangi ile ilikuwa ya jana. Alitaka nyekundu, njano, maua, madoa, na alitaka toleo jipya kila lilipoingia. Viwanda vya Ulaya na India vikawa vinachapa kile ambacho mwanamke wa Ng'ambo, yaani mtaa wa watu wa chini wa mji wa Zanzibar, amekipenda. Asipokipenda, mzigo ulilala ghalani na tajiri akala hasara. Muda si mrefu maneno yakaanza kuchapwa kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini, na mwanamke akapata mahali pa kusema alilokuwa nalo moyoni bila kufungua kinywa.

Lamu na Mombasa palikuwa na jambo linalofanana na hili. Mwanamke wa ukoo bora akitoka nje alitembea ndani ya shiraa, turubai la nguo lililozungushwa pande zote na kubebwa na watumwa, yeye akiwa katikati haonekani. Utumwa ulipokoma hapakuwa na wa kubeba. Mabibi wakuu wakalazimika kujibebea sitara yao wenyewe, na buibui jeusi likashika mahali pa shiraa. Na buibui kila mmoja aliweza kulinunua. Mjukuu wa sharifu na mjukuu wa mjakazi wakapishana uchochoroni, na aliyesimama kibarazani asijue nani ni nani. Hakuna sheria yoyote ya mkoloni iliyofanya kazi ya usawa kama ile, na ilifanywa na kitambaa cheusi.

Hapo ndipo ninapopata hoja yangu kuu. Barakoa ya dhahabu na suruali ya marinda vimebaki kwa shughuli maalumu na kwenye picha za ukutani. Kanga iko kwa mama anayejifungua, inamfunga mtoto mgongoni, inafunika jeneza kabla halijatoka nyumbani, inatolewa zawadi kwa wifi, inavaliwa na mke wa waziri jikoni kwake. Mabinti wa wafalme walileta mitindo. Vazi ambalo Afrika Mashariki nzima imelichukua likawa lake lilipangwa na wanawake waliokuwa wamekatazwa kujitanda, nasi hatujui jina la hata mmoja wao. Tukifundisha historia ya ubunifu wa mavazi kwa vijana wetu vyuoni, tuanze na hao, ndipo twende Paris.

Yuko binti mfalme mwingine wa ukanda wetu ambaye sipendi apitwe. Elizabeth wa Toro, magharibi ya Uganda, alizaliwa mwaka 1936, binti wa Omukama, yaani mfalme, George Rukidi wa Tatu. Alisoma sheria Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili Uingereza. Kaka yake alipotawazwa, yeye akawa Batebe, dada rasmi wa mfalme. Mwaka 1967 serikali ya Obote ikafuta falme zote za Uganda, na cheo kikaondoka. Mwaka huohuo alialikwa London kwenye maonyesho ya mavazi ya Jumuiya ya Madola, na kuanzia hapo akawa mwanamitindo, picha zake zikatoka Vogue na Harper's Bazaar wakati ambapo msichana mweusi aliyefungua majarida hayo alikuwa hajioni ndani yake.

Wapo waliosema wakili kajishusha. Sikubaliani nao. Alikuwa amevuliwa ufalme, ila macho hayakuvuliwa kwake, naye akayageuza yawatazame na wengine. Mwaka 1974 Idi Amin alimfanya waziri wa mambo ya nje, na kabla mwaka haujaisha akamfukuza kwa kumzulia uchafu ambao nisingependa kuurudia. Magazeti ya Ulaya yaliyoubeba uongo ule aliyashitaki, akashinda. Mwanamke anayejulikana kwa sura na mavazi yake hushambuliwa kupitia hayohayo, na wanaomshambulia hutegemea kwamba hatakuwa na kingine cha kujitetea. Elizabeth alikuwa na sheria kichwani. Mama mwenye binti anayependa kujipamba na ampende hivyo, ila ahakikishe pembeni ya kioo pana kitabu.

Kuhusu Diana wa Uingereza yameandikwa mengi, na mengi hayana maana. Gauni lake la arusi la Julai 29, 1981, lenye mkia wa karibu mita 8, liliigwa na washonaji wa dunia nzima kwa miaka kumi. Mikono iliyovimba kama maboga ilifika mpaka kwetu. Mimi namkumbuka kwa vitu viwili. Cha kwanza ni nguo aliyoivua. Wanawake wa nyumba ya kifalme walisalimia watu wakiwa na glavu. Mwezi Aprili 1987, katika Hospitali ya Middlesex, London, alimpa mkono mgonjwa wa UKIMWI bila glavu, picha ikapigwa. Wakati huo watu waliamini kugusana kunaua. Sisi tulikuwa tayari tunazika: wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wenyeji waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo iliyouzwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Mgonjwa alitengewa sahani, kikombe na hata kiti. Mkono mmoja mtupu wa mwanamke anayetazamwa na dunia ulisema jambo ambalo mabango mengi yalishindwa kulisema.

Cha pili ni kwamba aliziuza nguo zake. Juni 1997, huko New York, magauni yake 79 yalinadiwa, fedha zikaenda kwenye mifuko ya UKIMWI na saratani. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 3. Moja tu, la mahameli ya buluu alilolivaa akicheza dansi Ikulu ya Marekani mwaka 1985, lilikwenda kwa dola 222,500. Miezi miwili baadaye alikuwa amefariki. Nguo alizovaa ziligharimu fedha nyingi mno, na mtu anaweza kuuliza zilikuwa za nini. Mwisho wake zilinunua dawa.

Nimewataja wote hawa kwa sababu kila Jumamosi, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, tunawatawaza mabinti wa wafalme wapya. Bibi arusi ni binti mfalme wa siku moja. Ana kiti chake cha enzi, mpambe, gari lililopambwa, kamera kila pembe. Na anayo amri ambayo hata Salme hakuwa nayo: anatangaza sare. Ujumbe unatumwa kwenye kundi la WhatsApp, rangi fulani, kitambaa cha duka fulani, bei fulani kwa mita, na fundi mmoja tu ndiye anayeujua mshono. Kuna sare ya kitchen party, ya send-off, na ya arusi yenyewe. Na hapo mchango umeshatolewa, maana kadi ya mchango haisahau mtu.

Ninawajua wanawake waliokopa kwenye kikoba ili wavae rangi itakayovaliwa saa sita. Ninamjua shangazi aliyekaa nyumbani arusi ya binti aliyemlea, akasema mguu unamsumbua, na mguu haukuwa na kitu. Tumerudi kwenye Unguja ile ya zamani bila kujijua: mtu anaonekana kwa mbali kwa nguo yake, na asiye nayo anajulikana pa kukaa. Bibi zetu waliunga leso kwa sindano ili watoke huko. Haifai wajukuu wao turejee kwa hiari, tena kwa mkopo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema, na hawakuwa wakiona aibu kulitaja neno lenyewe, kwa kuwa walijua aibu kubwa zaidi iko wapi.

Na yuko fundi. Wiki ya arusi analala juu ya cherehani, nguo thelathini za sare, kila moja na kipimo chake, umeme ukikatika anakanyaga kwa mguu. Siku ya kuchukua nguo anaambiwa malizia nitakutumia. Arusi inakwisha, picha zinasambaa, watu wanauliza nani kashona, wanajibiwa kwa fahari jina lake, na bado anadai. Wanawake wa Devon walilipwa kazi yao. Fundi wa Tandika au Kariakoo hadai zaidi ya hapo.

Wewe unayeolewa mwaka huu, hakuna anayekuambia usipendeze. Pendeza, ni siku yako. Lakini kabla hujatuma rangi ya sare kwenye kundi, mpigie simu yule ndugu yako mwenye hali ngumu kuliko wote, umuulize sandukuni ana kanga au kitenge gani, na rangi hiyo ndiyo uitangaze. Malkia alirudia nguo, basi nawe chagua kitambaa ambacho wageni wako wataweza kukivaa tena sokoni, kanisani au msikitini, matangani. Na siku utakapokwenda kuchukua shela lako, nenda na fedha yote ya fundi, umkabidhi mkononi.